Muniru Samahani na Macho ya Mkewe

Ukifika Busia upande wa Uganda ukamuulizia Muniru wakala wa forodha, utazungushwa mpaka viatu viishe soli, maana mawakala wenye jina hilo ni wengi. Uliza Muniru Samahani. Hata mwendesha boda aliyeanza kazi jana atakuleta moja kwa moja kwenye kibanda changu, kwa sababu Muniru akiwa hayupo forodhani basi yuko kwangu, ameegemea meza ya kompyuta, ananitajia maneno ya barua nyingine ya kuomba msamaha.

Mimi ni Taaka. Kazi yangu ni kuchapa barua, kutoa fotokopi, na kugombana na watu wanaokalia kiti cha wateja bila kuwa wateja. Barua za Muniru nimezichapa kwa miaka mingi, na vidole vyangu huanza kuomba radhi kabla yeye hajafungua mdomo. Zinaandikwa kwa Kizungu kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi zetu, lakini Kizungu cha Muniru, hata ukikigeuza Kiswahili, bado kimepiga magoti.

Usidhani ni mtu wa makosa. Hilo ndilo linaloniudhi. Mwenyewe hajawahi kukosa hata sahihi mahali pa sahihi. Yeye huomba radhi kwa niaba ya wengine. Kuna wakati dereva mmoja, Odwori, aliyekuwa amebeba mbolea kutoka Osukuru, alikata lakiri ya forodha iliyofunga mlango wa lori kwa kuwa alikuwa amesahau viatu vyake ndani, juu ya mzigo. Lakiri ikikatwa ni kesi. Muniru akaja kwangu, tukaandika: tunakiri kosa, hatuna la kujitetea, dereva huyu ni mtu mwema lakini msahaulifu, na viatu vyake ni hivyo hivyo. Ofisa alisoma akacheka mpaka akafuta machozi, akampa onyo tu. Odwori akavuka mpaka akiwa amevaa viatu.

"Hapa mpakani," Muniru hupenda kusema, "anayebishana analala, anayekiri anavuka." Na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: malori yake huvuka. Nimeona mawakala vijana wakija na vifungu vya sheria, sauti juu, na lori likabaki uwanjani mpaka nyanya zikaanza kutoa maji.

Shida ni kwamba tabia ya kazi huingia mwilini. Muniru akikanyagwa, ndiye anayeomba radhi. Akigonga kiti changu, hukiambia pole. Watu wakimwita Haji kwa heshima, husimama, akaweka mkono kifuani na kusema, "Samahani, mimi bado hapana fika Maka," kama kwamba kuna mtu amemshtaki.

Sasa Mungu, ambaye naye ana utani wake, akamwoza mtu huyo Rukiyah.

Rukiyah alitoka Mumias, ng'ambo, akaolewa huku, na ni fundi cherehani pale Sofia, soko letu la mpakani. Ameshona gomesi za maharusi, yale magauni yenye mabega yaliyosimama, kanzu za mashehe na sare za shule, na katika maisha yake yote sijawahi kumsikia akisema samahani. Si mtu mbaya. Atakupa chakula chake, atakaa na mgonjwa wako, lakini neno hilo halimo kinywani mwake. Nadhani walipooana waligawana kazi, mmoja akachukua samahani zote za nyumba.

Tulianza kujua macho yake yanaharibika siku Justine, muuza samaki, alipovaa gomesi mpya kanisani na bega moja likasimama, jingine likaanguka. Jumatatu akairudisha. Rukiyah akamtazama juu mpaka chini, kwa taabu, lakini akamtazama.

"Bega liko sawa," akasema. "Wewe ndiye unasimama upande."

Justine alirudi nyumbani akijaribu kusimama vizuri. Tulicheka, kisha hatukucheka tena, kwa sababu wiki chache baadaye Rukiyah alipita mbele ya kibanda changu, nikamsalimia, akaitika huku akiutazama mlingoti wa umeme.

Siku zilezile Muniru alianza kuja kazini na shati la samawati ambalo kola yake ilikuwa imesimama upande mmoja kama sikio la mbuzi, na upande wa pili imelala. Mawakala wenzake walimtania sana. Mimi nilimwambia avue nimpelekee fundi mwingine, ni kazi ya dakika chache.

"Samahani Taaka," akanijibu, "hii iko muzuri tu."

Akaendelea kulivaa. Ana mashati mengine, nayajua, lakini alilivaa hilo mpaka likawa kama sare yake.

Hatimaye wakaenda Tororo, kwenye hospitali ya macho. Daktari Akiror, mama wa Kiteso mwenye sauti ya chini, akawaambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia limeshafunikwa, la kushoto linafuata. Dawa yake ni upasuaji mdogo tu, na Rukiyah ataona tena hata tundu la sindano. Akichelewa, atakuwa wa kushikwa mkono. Kwa sababu chama cha mawakala kina bima ya afya kwa wanachama na wake zao, daktari akapeleka maombi ya gharama kwenye kampuni ya bima, wakarudi Busia kungoja.

Katika kungoja huko, cherehani lilifunikwa kitenge. Rukiyah alikaa mlangoni mwa duka lake akisikiliza mashine za wenzake. "Huyo anakanyaga haraka mno," angesema. "Huyo uzi wake umelegea." Halafu akawa hasemi hata hayo. Nilimhurumia. Fundi asiyekosoa kazi ya fundi mwenzake ameshaanza kukata tamaa.

Jibu la bima lilikuja kwenye kompyuta yangu, kwa kuwa barua pepe ya Muniru ni yangu. Nikamsomea. Kampuni inasikitika haiwezi kulipa. Ugonjwa wa macho ulikuwepo kabla ya mwanachama kujiunga, na yeye mwenyewe ameutaja kwenye fomu.

"Nani alijaza fomu?" nikamuuliza.

"Samahani," akasema Muniru.

Mawakala wengine wote, palipoulizwa magonjwa ya nyuma, waliandika: hakuna. Kati yao kuna mwenye kidonda cha tumbo ambacho soko zima linakifahamu. Lakini Muniru ni mtu wa forodha. Kwake karatasi ni ya kutangaza kila kitu, mpaka misumari iliyoshika sanduku, ili kesho asije mtu akasema ulificha. Akaandika malaria zake, jino lililong'olewa, na kwamba anakoroma. Kwa mkewe akaandika: macho ya karibu si mazuri, anatumia miwani akitunga sindano. Miwani yenyewe ni ile inayouzwa barabarani, inatundikwa kwenye ubao pamoja na vitana na chaji za simu.

"Haina shida," akasema, akavuta kiti. "Iko nafasi ya rufani. Andika Taaka."

Nikaweka vidole tayari. Na yeye akaanza kama anavyoanza siku zote. Kwa unyenyekevu mkubwa, tunakiri kosa letu.

Nikasimama. "Haji, kosa gani?"

"Mimi bado hapana fika Maka."

"Kosa gani, Muniru?"

"Kosa iko tu, Taaka. Ukitafuta utapata." Akainama, sauti ikashuka. "Hii watu ya bima ni kama serikali. Serikali hapana bishana na yeye. Naomba tu. Nalia kidogo. Wataonea huruma."

Nikachapa. Mimi ni mchapaji, si wakili. Tulikiri kwamba mkewe alikuwa na tatizo la macho. Tulikiri kwamba tungepaswa kulieleza vizuri zaidi. Tuliomba radhi kwa usumbufu, kwa kuchukua muda wa ofisi, na kwa mwandiko wa kwenye fomu. Tukaomba huruma kwa kuwa mama huyu ni fundi na watoto wamezoea kula. Ilikuwa barua nzuri sana. Lori lolote lingevuka nayo.

Bima si lori. Jibu lilirudi upesi, na lilianza kwa kumshukuru Muniru. Akatabasamu, masikini. Tunakushukuru kwa kukiri kwamba tatizo lilikuwepo kabla. Kutokana na maelezo yako mwenyewe, uamuzi wetu unabaki palepale. Kama hujaridhika, waweza kuandika mara moja ya mwisho kwa kamati ya rufani. Nilisoma mpaka mwisho, na tabasamu lake likabaki usoni likiwa halina kazi.

Sasa hakuwa na la kumwambia mkewe. Mkewe naye si mtu wa kungoja kuambiwa. Kesho yake Rukiyah alikuja kibandani mwenyewe, mkono mmoja ukipapasa mabati ya maduka, na Muniru akimfuata nyuma akiwaomba radhi watu aliowagonga mkewe. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Taaka, nisomee barua ambayo huyu aliwaandikia."

Nikamtazama Muniru. Muniru akatazama viatu vyake.

"Usimwangalie yeye," Rukiyah akasema. Sijui alionaje. "Soma."

Nikasoma, nikimgeuzia Kiswahili. Nilipofika kwenye tunakiri kosa letu, akainua kidole. "Rudia hapo." Nikarudia. Nilipofika kwenye mama huyu anaombewa huruma, akaninyamazisha kwa mkono. Nilidhani atafoka, nikajiandaa kufurahia. Lakini machozi yakatoka kwenye macho yale yaliyofunikwa ukungu.

"Baba Swabur," akasema taratibu, "mimi nimemkosea nani?"

"Hapana mtu," Muniru akajibu.

"Basi kwa nini umeniombea msamaha? Mimi ni mzigo wako umeshikwa forodhani? Nimeingizwa kwa njia ya panya? Nimefanya kazi, umelipa bima yao, nimeugua. Kuugua ni kosa?"

"Nisamehe, Mama Swabur."

"Hiyo weka. Hiyo umempa kila mtu mpaka mbwa wa soko. Mimi sitaki ya fotokopi."

Nilikuwa nimezoea kumcheka Muniru, lakini siku hiyo sikuweza. Alisimama na kola yake ya sikio la mbuzi, mikono ikining'inia, mtu ambaye alikuwa na neno moja la kumsaidia duniani na neno hilo limekataliwa na mkewe.

Rukiyah akajifuta machozi kwa ncha ya ushungi. "Sasa fungua hiyo mashine. Barua hii nitasema mimi."

"Tunaanza na kwa unyenyekevu?" Muniru akauliza.

"Unyenyekevu kaa nao wewe."

Akasema, nami nikageuza kwa Kizungu kadiri alivyokuwa akienda. Mimi Rukiyah, fundi wa nguo, ninataka macho yangu. Miwani niliyoandikiwa kwenye fomu nilinunua barabarani, ya kutunga sindano. Kila fundi wa umri wangu anayo. Hicho si kilichonifunika macho. Kilichonifunika ni mtoto wa jicho, na ni daktari aliyemwona, si mimi wala si mume wangu. Bima mliichukua mkijua nina macho mawili. Mkitaka kujua zaidi muulizeni daktari. Msimuulize mume wangu, yeye hukubali kila kitu.

"Hiyo ya mwisho nitoe?" nikauliza.

"Kwani ni uongo?"

Muniru mwenyewe akakubali kwamba si uongo. Ikabaki. Aliomba tu aruhusiwe kuweka asante chini, na baada ya mabishano marefu Rukiyah akamruhusu asante moja.

Walikwenda Tororo kupata karatasi ya daktari, na kwa kuwa Rukiyah alitaka mwanamke wa kumshika mkono nikafunga kibanda nikaenda nao. Muniru alimwomba Daktari Akiror radhi kwa kumpotezea muda, kisha akamwomba radhi muuguzi kwa kusimama mlangoni. Daktari alimngoja amalize. Akasoma barua ya bima na kutikisa kichwa.

"Miwani ya kusomea ni kitu ya umri," akasema. "Ni kama mvi. Hii ya mtoto wa jicho ni ugonjwa ingine kabisa, na mimi niliiona mwaka huu." Akaandika hivyo hivyo, akapiga muhuri. Muniru aliuangalia muhuri ule kwa heshima, maana kwa mihuri ni mjuzi, akasema umekaa vizuri.

Tukatuma. Rukiyah akarudi mlangoni pake kungoja, na Muniru akaanza kuugua barua ile. Nasema kuugua kwa sababu alikonda. Kila asubuhi alipita kuuliza kama wamejibu, na kila asubuhi aliniuliza kama sioni ilikuwa kali kidogo. Ile ya ninataka macho yangu. Mtu gani anaambia ofisi ninataka? Siku moja mchana akaja akitazama nyuma, akainama karibu na sikio langu.

"Taaka. Tuandike ndogo. Ya kuomba radhi kwa ile barua."

"Ipi?"

"Ile ya Mama Swabur. Laini tatu. Tuseme alikuwa na hasira ya ugonjwa."

Damu ilinipanda. Nilimwona Rukiyah katika kile kiti, machozi yake, kidole chake juu. Nikapeleka mguu chini ya meza, nikachomoa waya. Kioo kikawa cheusi.

"Ala!" nikasema. "Umeme umekwenda."

Muniru akatazama feni ya kinyozi wa jirani, inazunguka. Akatazama redio ya kinyozi, inaimba. Akanitazama mimi. Nikamkazia macho, nikamwambia umeme wa kibanda changu una tabia zake na hautarudi mpaka bima wajibu. Akasema, "Samahani kwa kusumbua," akaenda zake. Sijutii hata kidogo.

Wakajibu. Nilituma mtu amwite forodhani, akaja mbio, akasimama mbele ya meza kama mtu anayengoja hukumu. Nikamsomea. Kamati imepitia rufani pamoja na maelezo ya daktari. Maombi yamekubaliwa, macho yote mawili. Nikapiga makofi. Muniru hakupiga.

"Soma yote," akasema.

Palikuwa na mstari mmoja tu umebaki, ule ambao makampuni huuweka bila hata kufikiri. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliokupata wewe na familia yako.

"Wanaomba nani?"

"Wewe, Muniru. Wewe na Mama Swabur."

Akakaa. Akaniomba nirudie mstari ule, nikarudia. Akaniomba nichapishe. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaupitia ule mstari kwa kidole. Maisha yake yote amewaandikia watu wa serikali mbili maneno yale, na hakuna aliyewahi kumrudishia. Kisha, kwa kuwa Muniru ni Muniru, akasema itabidi tuwajibu kwamba tumewasamehe. Nikamwonyesha waya kwa mguu. Akacheka, akakimbia Sofia kumpelekea mkewe habari.

Upasuaji wa jicho la kulia ulifanyika Tororo, nami nilikuwepo tena, kwa kushika mkono. Siku iliyofuata tulirudi kufunguliwa bandeji. Daktari Akiror aliitoa polepole, akamfuta jicho, akamwambia afumbue. Muniru alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, safari hii ili awe wa kwanza kuonekana.

Rukiyah akapepesa. Akamtazama muda mrefu.

"Yallah," akasema. "Kumbe umezeeka hivi, Baba Swabur! Mvi zote hizi?"

"Nisamehe," Muniru akasema.

Tukacheka, hata daktari. Lakini Rukiyah hakuwa anacheka tena. Jicho lake la fundi lilikuwa limeshuka kutoka kwenye mvi mpaka shingoni. Akanyoosha mkono, akaishika ile kola, akaigeuza, akaupitisha ukucha kwenye mshono uliokwenda kombo kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Nani alikushonea hii?"

Muniru, mtu anayetangaza kila kitu, mpaka misumari ya sanduku, hakutangaza.

"Ni mkono wangu," akasema Rukiyah. "Na umeivaa hivi? Kazini? Mbele ya watu?"

"Iko muzuri tu," akasema Muniru.

Rukiyah aliendelea kuishika. Akajaribu kuilaza upande uliosimama, ikasimama tena. Nikaona midomo yake inatafuta neno ambalo haikulizoea, ikalitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye nyumba ya mwenzake.

"Nisamehe, Baba Swabur," akasema.

Kwa kuomba, Muniru alikuwa fundi. Kuombwa hakujua panashikwa wapi. Akautazama mkono wa mkewe juu ya kola, akaufunika na wake.

"Hiyo," akasema, "hapana kosa."